Gari Lilipopita Njombe

Siku hizo kila mstaafu alipewa gari la kulala humo, lililojiendesha lenyewe, na hakuna aliyelielekeza njia. Lilikwenda kwa yule ndugu ambaye moyoni mwake alimkumbuka mstaafu huyo kuliko wote.

Kila kiangazi liliwapeleka Bi Tulakela na mumewe, Mzee Kihwelo, Njombe kwa binti yao Yusta. Mwaka huu lilipita Njombe bila hata kupunguza mwendo.

"Limeharibika?" Bi Tulakela aliuliza.

"Haya hayaharibiki," mzee alijibu, akisogea dirishani aone linakoelekea.

Lilisimama Songea, kwa mwana wao Lusungu, aliyeapa kutowatia machoni tena tangu walipomkataa mchumba wake. Alitoka na ndoo mkononi, akawakodolea macho.

"Nani kawaita?"

"Gari limetuleta, baba," mama yake alisema taratibu.

Lusungu alilitazama lile gari. Kisha aliweka ndoo chini, akampokea mama yake mfuko.

"Shikamoo, mama. Karibuni ndani."

Bi Tulakela alikuwa angali anafuta machozi simu ilipoita. Alikuwa Yusta, sauti yake tamu kama siku zote.

"Mama, mmefika wapi? Nawasubiri kwa hamu."

Bi Tulakela alimtazama mumewe, kisha akageuka dirishani kulitazama lile gari lililompita Yusta.