Swali la Kumi na Moja

Wenye kiwanda cha mikate walileta fomu za kujipima tabia, kila msimamizi ajaze yake. Miwani ya Mbaruku ilikuwa imevunjika, kwa hiyo Siwema, aliyekuwa mkandaji wake wa unga kwa miaka tisa, akawa anamsomea na kumwandikia kwa penseli.

"Swali la kumi na moja. Je, mtu akizungumza nawe, huwa unamkatiza kabla—"

"Hata siku moja! Andika."

Siwema hakuandika.

"Mbona huandiki, dada?"

"Swali halijaisha, bosi."

Mbaruku akakumbuka. Jumatatu, pale mlangoni, Siwema alikuwa amemwambia, "Bosi, nina neno." Jana akarudia, karibu na tanuri. Mara zote mbili Mbaruku alimjibu, "Nimekuelewa," akaenda zake.

"Haya, lisome lote."

Siwema akalisoma hadi mwisho. Kisha akaiweka fomu kando, akatoa mfukoni mwa aproni karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo yake imejaa unga.

"Bosi, ni hivi..."

"Nimekuelewa" ilikwisha kumfika Mbaruku mdomoni. Akaipokonya ile penseli mkononi mwa Siwema, akaiuma kwa meno, akangoja.