Sasisha

"Bonyeza 'Sasisha', dada," mkutubi alisema, akiinama begani kwa mtafiti. "Orodha ya marejeleo itajipanga yenyewe. Uliyemtaja ndani ya tasnifu atabaki, usiyemtaja ataondoka. Kompyuta haijui kujipendekeza."

"Baadaye, kaka. Bado nasahihisha."

"Nyie madaktari watarajiwa mna woga. Mimi nataka kuliona jina langu tu, nimsimulie mama."

Jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya zamani. Alikuwa amemwazima mtafiti tasnifu yake mwenyewe, na sura ya tatu karibu yote ilitoka humo. Asubuhi ile mtafiti alikuwa amefuta mabano yote yaliyomtaja, ili hoja zionekane zake.

Mtafiti alifunika kipanya kwa kiganja. Mkutubi akacheka, akanyoosha mkono kwenye kibodi, akasasisha mwenyewe.

Orodha iliruka, ikajipanga upya. Kidole cha mkutubi kilishuka polepole juu ya kioo, kikaipita herufi ya jina lake, kikarudi, kikaipita tena.

"Pengine programu imekosea, dada," alisema. "Hebu fungua sura ya tatu."