Kipaza Sauti cha Mfaume

Katika banda la video, Mfaume alikuwa akitafsiri filamu ya zamani ya Argentina. Kihispania hakijui, maneno anayatunga mwenyewe, na watu wanampendea hilohilo.

Kwenye skrini, msimamizi wa kiwanda cha nyama akapanda kizimbani kutoa ushahidi. Mchumba wake kasingiziwa wizi. Banda zima likamgeukia Chande, msimamizi wa kiwanda cha korosho. Ushahidi wake ndio uliomfukuzisha kazi Somoe, aliyekuwa mchumba wake, ambaye alikaa benchi la mbele.

Mfaume akakwama.

"Tafsiri basi!" watu wakapiga kelele.

Chande akaja mbele, akachukua kipaza sauti.

"Hakuiba. Niliogopa nisije nikafukuzwa mimi."

Kwenye skrini, midomo ya msimamizi ilikuwa bado inacheza. Somoe hakugeuka, ila alisogea kidogo, ikabaki nafasi ya mtu mmoja pale benchini.