Mluzi wa Injini

Fundi Zuberi aliliweka bomba jipya la kuingizia hewa kwenye injini mapajani mwa Mzee Kibwana.

"Si orijino, mzee wangu, lakini shika uone uzito wake. Nimeshawafungia watu watatu, hakuna aliyerudi kulalamika. Lako limepasuka. Injini inavuta hewa kwenye ufa, ndiyo maana inapiga mluzi. Ukiendelea nalo utaiua."

Mzee Kibwana alilipapasa. Halikuwa na hata mkwaruzo.

"Na mluzi utakwisha?"

"Kabisa! Nyumbani hawatajua umefika mpaka upige honi."

Mkono wa mzee ulisimama. Kwa miaka tisa hakuwa na haja ya honi. Mkewe, Bi Mize, alikuwa akiusikia mluzi gari likiwa bado kwenye kona ya msikiti, na mzee alipofika alilikuta lango wazi, mkewe amelishikilia kwa mkono wenye unga. Hitima ya arobaini yake ilisomwa Ijumaa iliyopita.

"Ni zuri," alisema. Akalirudisha kwenye boksi, akalifunga taratibu. "Mfungie mwingine, fundi."

"Utaiua injini, mzee."

"Najua, mwanangu."

Aliendesha polepole. Kwenye kona ya msikiti alikanyaga mafuta kwa nguvu, mluzi ukapanda juu ya mapaa. Mbele ya lango alisimama bila kuzima injini, akashusha kioo, akangoja.