Uso wa Miaka Ishirini na Minne

"Ondoa ndevu," alisema Mzee Zenon. "Halafu nipunguzie miaka. Nishushe mpaka ishirini na minne."

Vijana wakaangua kicheko. Walikuwa wamesimama kwenye gati la Kasanga, upepo wa Ziwa Tanganyika ukiwang'ang'ania kofia, na Angela ndiye aliyeshika simu.

Kundi lao la mtandaoni linaitwa Bandari Zetu. Wa Tanga wanaweka picha za Tanga, wa Mikindani za Mikindani, na kila picha sharti iende na historia yake. Ukiweka picha tupu unatolewa, hakuna cha urafiki. Mwaka huu waliona ni aibu kuyasahau maziwa. Walipofika Sumbawanga wakaambiwa wamtafute Mzee Zenon wa Kasense, aliyepakia mizigo Kasanga miaka ishirini kabla ya kurudi nyumbani kulima ulezi. Mzee akakubali kushuka nao ziwani, ila malipo akakataa katakata.

"Mtanipiga picha moja tu," alisema. "Basi."

Na historia aliwapa, jamani! Hata Timoth wa Tanga, mjuaji yule, alifunga mdomo akaandika. Mzee aliwaonyesha mawe ya boma la Mjerumani. Akawasimulia habari za meli ya Liemba, jinsi Wajerumani walivyoizamisha wenyewe wakati wa vita, ikalala chini ya maji karibu miaka minane, halafu Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini.

"Miaka yote hiyo, na ikatoka nzima?" Timoth alishangaa.

"Ile ni chuma, mwanangu," mzee alisema, akageukia upande wa milimani.

Kisha ikafika zamu ya picha yake. Alivua koti, akatoa kwenye mfuko wa plastiki jezi ya njano iliyopauka, akaivaa. Ilimbana mabegani, na tumbo likabaki nje.

"Eee, mzee! Leo bibi nyumbani halali!" Timoth akapiga mluzi.

Mzee alitabasamu kidogo. "Bibi macho yanamwondoka. Daktari amesema mahindi ya mwaka huu huenda asiyaone yakivunwa. Nataka auone uso huu kabla giza halijafunga. Ameniomba hilo tu, na mimi sina kingine cha kumpa."

Utani ukaisha hapo hapo. Angela alijiuliza ni nani katika maisha yake angemtamani hivyo, amezeeka, amekunjamana, na bado mtu anataka kuuona ule uso wa siku ya kwanza. Alimwonea wivu mzee huyo.

"Kwani mzee, huna hata picha moja ya ujana?"

"Zilikuwa kwenye simu. Simu ikaingia maji."

Timoth alicheka mpaka akashika magoti. "Mzee wangu, enzi zako simu za kupiga picha zilikuwepo?"

Mzee alikwenda kusimama kando ya ghala, mgongo ukutani, mikono ubavuni.

"Hapo pana giza," Angela alisema. "Njoo huku kwenye mwanga. Ziwa likae nyuma yako."

"Kwenye maji?"

"Ndiyo, bandari ionekane."

Alisita. Lakini dereva alikuwa anapiga honi, milima ya kupandisha ilikuwa inawasubiri na jua halikuwa rafiki. Akasogea.

Angela akapiga. Akaiingiza picha kwenye ile programu ya kubadilisha sura, akaikata chini ya kifua ili tumbo lisionekane. Ndevu zikatoka. Mikunjo ikanyooka. Nywele zikawa nyeusi. Mzee aliinama juu ya kioo cha simu, akikodoa macho.

"Masikio yaache, ndiyo yenyewe. Punguza shavu. Hapo! Sasa weka kovu dogo, juu ya nyusi ya kushoto."

Angela akamtazama usoni. "Mbona hapo huna kovu, mzee?"

"Weka tu, mwanangu."

Akaweka. Mzee akaishika simu kwa mikono miwili, midomo ikaanza kumcheza, akalia. Alilia wazi wazi mbele ya vijana wale. Timoth mwenyewe, na mdomo wake wote, aliangalia viatu.

"Ndiye," alisema mzee. "Ndiye kabisa. Mungu awabariki."

Walipofika mjini jioni, studio moja ya Katandala ikaisafisha picha kwa ukubwa na kuitia fremu. Mzee akapanda bodaboda mpaka Kasense, fremu kaikumbatia kifuani.

Monika, mkewe, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, palipobaki mwanga. Msumari alishaupigilia ukutani tangu asubuhi, kwa kupapasa. Aliipokea picha, akaisogeza mpaka pua ikagusa kioo. Kidole kikapita kwenye jezi, kikapita kwenye masikio, kikafika juu ya nyusi, kikatulia.

"Kornel," alisema. "Baba Kornel, ni mwanangu huyu! Ni mwenyewe!" Akaibana kifuani, akalia, akaiinua tena aitazame. Ndipo akaona kilichokuwa nyuma ya mwanawe.

"Rudi kwa hao watoto," alisema taratibu. "Waambie wamtoe hapo majini. Miaka miwili ya kulala humo imetosha."