Kitufe cha Kugeuza

"Umemfanya nini mama?" dada mtu alifoka, macho hayabanduki kwenye kompyuta.

Pichani, uso wa marehemu mama yao ulikuwa umevurugika kama uji uliopoa. Pua haijulikani, macho hayajulikani.

"Alikuwa amelala upande," mdogo wake, mwanamume mzima mwenye ndevu, akajitetea. "Nikabonyeza kile kitufe chako cha kugeuza. Kidogo kidogo, mpaka akakaa wima."

"Na ile ya karatasi?"

"Niliichana nikatupa. Si ulisema imeshaingia kwenye mashine?"

"Hicho ni kichwa au ni boga?" Damu ilimchemka hadi masikioni. Mama hakuacha picha nyingine.

Akaifungua programu aliyoiandika mwenyewe, amwonyeshe huyo bwege alipokosea. Akasoma. Akarudia kusoma. Mstari mmoja tu: kila picha ikigeuzwa, ichukue nafasi ya ile ya kwanza, na ya kwanza ifutike. Basi kila alipogeuzwa mama alififia kidogo, na huyo aliyefifia ndiye aliyegeuzwa tena. Na aliyeiamuru mashine hivyo ni yeye.



Mlango ukafunguka. "Haya wanangu, nionyesheni mke wangu," baba yao alisema, huku anafuta miwani kwa pindo la shati.

"Baba, nisamehe." Yule mwenye ndevu alikuwa analia. "Ni mimi nimemharibu."

Kidole cha dada mtu kilikuwa kimeshaufuta ule mstari wa programu.