Mimi Mdogo na Idi ya Mama

Nilipokuwa mdogo, sikukuu niliyoipenda ilikuwa Idi. Siku hizi naipenda Mei Mosi, kwa sababu siku hiyo wazazi hawaruhusiwi kurudishiwa watoto wao wakiwa wadogo, kama wanavyorudishiwa kutwa nzima kila Idi.

Idi hii nilifika kwa mama, Tanga, biriani likipakuliwa. Nilimkuta Mbwana wa miaka saba, yaani mimi mwenyewe, amekaa mkekani ubavuni kwa mama, amevaa kanzu mpya.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Punguza sauti, utamtisha mtoto.”

Alikuwa anamtolea mifupa kwenye nyama. Mimi nilijipakulia.

“Jioni watu wa serikali watamchukua,” nilimwambia. “Nitakayebaki kukutunza ni mimi.”

“Mwaka huu sheria inamruhusu mdogo kubaki moja kwa moja,” alisema mama. “Ila mkubwa akubali kuondoka.”

“Niondoke niende wapi?”

Mama alimfuta mtoto mdomo. Yule mtoto akanikazia macho yangu mwenyewe.

“Mama, huyu mzee anaondoka saa ngapi?”

“Mwache ale kwanza,” alisema mama, akaniwekea pande kubwa la nyama.